E7 ya Kila Jumapili

Daktari alikuwa ameniambia nisiiname kwa wiki mbili, na nilikuwa nimemwahidi mke wangu Batuli kwamba safari hii nitatii. Siku ya tatu, Mzee Obwocha akanipigia simu kutoka upande wa Kenyenya. Alisema mashine ya kukausha ndizi imekataa kazi, inaleta namba, na akina mama wameshamenya ndizi za wiki nzima. Nikamuuliza namba gani. Akasema ni E na saba, imetokea Jumapili na haitaki kutoka. Nikamuuliza kama ndiyo mara ya kwanza kuiona. Akasema hilo atalijibu Nyanchera, kwa kuwa yeye ndiye anayeiangalia.

Hapo hapo nikajua haikuwa mara ya kwanza. Jina langu ni Haron, fundi wa mitambo ya baridi na joto mjini Kisii, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita. Friji za wauza nyama, matangi ya maziwa, vyumba vya maiti, vyote nimevilalia chini kwa mgongo huu huu. Watu wetu wana tabia mbili ambazo zimenichosha. Mashine ikiandika namba ya kusema kichujio kimejaa vumbi, kitu cha kusafishwa kwa brashi ya viatu, watanipigia simu kabla sijanywa chai. Ikiandika namba ya kusema kompresa, ule moyo unaosukuma gesi, inakufa, watazima na kuwasha, watazima na kuwasha, mpaka ife kabisa, halafu ndipo wanitafute na kuniuliza mbona nachelewa.

Batuli aliniangalia nikivaa buti. Nilimwambia nitainama kidogo tu. Akaenda jikoni.

Banda la kikundi cha Mzee Obwocha liko juu ya kilima, limezungukwa na migomba na mashamba ya majani chai. Nilipozima pikipiki nilisikia harufu kabla sijaona mtu. Vipande vya ndizi vilikuwa vimetandazwa kwenye trei, vyeusi, vimeanza kuchacha. Ndizi hizo hukaushwa, husagwa, zikawa unga wa uji. Mashine yenyewe ni chumba cha bati chenye pampu ya joto ubavuni. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: inaikamua hewa ya ndani maji yake, inaipasha moto na kuirudisha kwenye trei. Mahali ambapo mvua hunyesha kila alasiri na jua halitegemeki, kitu kama hicho ni baraka.

Baraka hiyo haikuwa yao moja kwa moja. Ilitoka kwa mradi mmoja, na mkataba ulisema kwamba ikiharibika kwa uzembe wa watumiaji itang'olewa na kupelekwa kwa kikundi cha Suneka, ambacho kilikuwa kinaisubiri. Ofisi ya mradi ilinitaka nijaze karatasi moja. Ilikuwa na mstari wa sababu ya kuharibika na mahali pa kikundi kutia sahihi. Ndiyo maana nilikuta wanachama wote kumi na wanane wameketi kwenye mabenchi ya kanisa wakinisubiri, Phanice, katibu wao, akiwa na kalamu mkononi.

Nyanchera hakuwa ameketi. Alisimama peke yake karibu na mashine, mwanamke wa miaka kama thelathini, leso imefungwa kiunoni. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuitunza kwa sababu alisoma mpaka kidato cha nne na hakuogopa vitufe. Walimpa jina la Injinia, kwa utani kwanza, kisha kwa heshima. Siku hiyo utani ulikuwa umerudi bila heshima. Watu hunisemesha Kiswahili kwa sababu ya kofia yangu ya Kiislamu, lakini Ekegusii nimezaliwa nacho mtaani, na nilisikia nyuma yangu mmoja akimwambia mwenzake kwamba Injinia ameibonyeza mashine mpaka ikakata roho.

Niliinama. Niliinama sana. Kompresa ilikuwa imekwama, haizunguki hata nusu, na oili niliyoitoa ilikuwa nyeusi na nyepesi kama chai ya rangi. Nikamuuliza Nyanchera E7 imekuja mara ngapi. Akajibu bila kujificha: Jumapili kumi mfululizo, kila asubuhi akiiwasha. Jumapili ya kwanza alizima na kuwasha mara moja ikatoka. Baadaye ikataka mara tatu, mara tano. Jumapili iliyopita alijaribu mara kumi na moja, ikagoma.

Hapo nilikasirika, na mtu mwenye mgongo mbovu hukasirika kwa urahisi. Karatasi ya namba ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya macho yake, kwa Kiswahili. E1, safisha kichujio. E3, funga mlango vizuri. Hizo ni za kwako wewe mtunzaji, huhitaji mtu. E7, kompresa inavuta umeme kupita kiasi: zima, usiwashe tena, mpigie fundi. Na namba yangu ya simu ilikuwa chini yake. Nilimwambia mbele ya wote kwamba kila alipoiwasha upya alikuwa anampiga mgonjwa teke ili ainuke. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Alitazama sakafu.

Mzee Obwocha, mwenyekiti wao, alikohoa. Ni mzee wa kanisa pia, Msabato wa kale, mwembamba, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alisema kwa upole kwamba kikundi kimeshalizungumza jambo hilo. Kama kosa ni la mtu mmoja, basi liandikwe hivyo, pengine mradi utamwondoa huyo mtu na kuwaachia mashine. Nyanchera alisikia na hakuinua uso. Nikaona jambo lilikuwa limekwisha kabla sijafika, na mimi nimeletwa tu kama mhuri.

Lakini mwaka wa kwanza wa mashine hiyo haukuwa na E7 hata moja. Niliwauliza nini kimebadilika wiki kumi zilizopita. Wakasema hakuna. Nikauliza mwisho wa wiki huwa wanaifanyia nini. Wakacheka kidogo, kwamba fundi wa Kiislamu haelewi. Hawaifanyii kitu. Ni Sabato, hakuna mtu anayefanya kitu.

"Mimi mwenyewe huwa nazima ile swichi kubwa ya ukutani," Mzee Obwocha alisema. "Ijumaa kabla jua halijazama. Hata ng'ombe anapumzika, fundi, kwa nini hii isipumzike? Siku hizi hata nimeweka kufuli." Akanionyesha ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni.

Nilikaa chini kwenye ndoo. Hapo ndipo sababu yote ilipokuwa, kwenye hicho kitu walichokiita si kitu. Niliwaeleza polepole. Gesi ya ndani ya pampu hupenda mahali penye baridi. Mashine ikinyimwa umeme usiku mbili za baridi ya huku, gesi hutambaa hadi ndani ya kompresa, ikageuka maji na kuchanganyika na oili. Kuna mkanda mdogo wa joto uliozungushwa chini ya kompresa, na kazi yake ni kuzuia hilo tu. Mkanda huo unakula umeme kidogo kuliko taa, lakini unataka swichi ya ukutani iwe juu saa zote, hata mashine ikiwa imelala. Ukizima kila kitu Ijumaa na kuwasha ghafla Jumapili asubuhi, kompresa inajaribu kusukuma maji badala ya gesi. Inalia E7. Ukiilazimisha, inajivunja.

Nilisikia mabenchi yakilia watu wakigeuka kumtazama Nyanchera, na safari hii macho hayakuwa yale ya mwanzo. Nakiri nilifurahi. Nilikuwa nimemgombeza mbele ya watu, sasa nilitaka kumsafisha mbele ya watu hao hao, na nilikuwa na ushahidi. Mashine hizi zina kumbukumbu. Haziandiki kukatika kwa muda mfupi, la sivyo kwa umeme wetu kumbukumbu ingejaa kwa siku moja, lakini umeme ukipotea zaidi ya saa nne huandika tarehe na saa. Nikabonyeza, nikawasomea kwa sauti. Ijumaa iliyopita, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, umeme umekatwa, ukarudi Jumapili alfajiri. Ijumaa ya kabla yake, vivyo hivyo. Nikasoma zote kumi. Phanice aliandika.

"Na za kabla ya hapo?" Mzee aliuliza.

Nikabonyeza tena. Hakukuwa na kitu. Miezi kumi na minne ya mwanzo, hakuna Ijumaa hata moja ambayo umeme ulikatwa. Nilisema hivyo nikiwa bado nimefurahi, kama mtu aliyemaliza hesabu ngumu. Nikaongeza kwamba ndiyo maana mashine ilikuwa nzima wakati huo.

Mzee Obwocha alisema hapana, yeye alianza kuzima tangu juma la kwanza. Nikamwambia mashine haina sababu ya kudanganya. Akaniomba nisome tena, nikasoma tena. Nilimwona akizeeka mbele yangu. Kisha akazungumza, si na mimi, na wale akina mama, kwa Ekegusii, polepole. Alisema kuna Sabato moja, wiki kumi na moja zilizopita, akipita hapa kwenda kanisani aliona kitaa cha kijani dirishani kikiwaka. Alijua basi kwamba alikuwa amesahau kuzima. Hakumwambia mtu. Alitubu, akanunua kufuli, akavaa ufunguo shingoni ili uwe unamkumbusha.

"Nilifikiri nimesahau mara moja," alisema. "Kumbe ni mwaka mzima. Nilikuwa natoka hapa nikijua nimezima, na sikuwa nimezima."

Kila mtu katika kilima kile alijua habari za kaka yake mkubwa, Ogoti, aliyefikia mahali pa kupotea njia akiwa ndani ya boma lake. Mzee alivua ule uzi shingoni na kuuweka kwenye benchi. Alisema mtu wa namna hiyo hawezi kushika ufunguo wa kikundi, wala wa kanisa, na kwamba Phanice aandike hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama na kifaa changu mkononi na nilitamani sana nisingebonyeza ile mara ya pili.

Na Nyanchera alikuwa ameokoka. Nataka hilo lieleweke. Kosa lilikuwa limehama kutoka kwake kabisa, limemkalia mzee aliyelikubali mwenyewe. Alichohitaji kufanya ni kuendelea kutazama sakafu.

"Hukusahau, tata," alisema. Tata ni baba, na alilisema kama mtoto. "Hukusahau hata siku moja. Ni mimi nilikuwa narudi nawasha."

Kisha akalisema lote, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba. Karatasi fupi ya maelekezo waliyopewa na mradi ilisema usizime swichi ya ukutani. Alimpelekea mzee juma lile la kwanza, mzee akamwambia taa ikiwaka ni kazi inaendelea, na ndani ya malango yetu kazi haifanyiki siku ya Bwana. Hakubishana. Alingoja mzee afike nyumbani, giza liingie, akaja akapandisha swichi, akaishusha Jumamosi jua likizama, akaipandisha tena kidogo tu baadaye, mbele ya watu, kana kwamba ndiyo sasa inawashwa. Kila Ijumaa kwa miezi kumi na minne. Alikuja akikimbia, akaondoka akiomba msamaha njiani. Kufuli lilipowekwa, mzee akawa analifungua Jumapili alfajiri tu, alijua mashine itakufa, na hakuna mtu ambaye angeweza kumweleza sababu bila kujitaja. Akabaki kuzima na kuwasha na kuomba itoke.

Siku ya Sabato yeye ndiye aliyekuwa anafundisha watoto wadogo kanisani. Amri ya nne, bila shaka, aliwafundisha pia.

Mzee Obwocha alikuwa amefumba macho. "Kwa hiyo mimi sikusahau," alisema.

"Hukusahau."

Sijui kama alikuwa anashukuru au anaumia, nadhani yote mawili. Alipofumbua macho alimwambia Nyanchera kwamba jina lake litafika kwenye baraza la kanisa, hawezi kulificha, na watoto atafundisha mtu mwingine. Mashine pia ashike mtu mwingine kwa sasa. Hakulisema kwa hasira. Nyanchera alisema anajua. Mama mmoja pale nyuma alianza kulia, na sikumjua ni nani.

Kisha mzee akanigeukia na kuniuliza swali ambalo nililiogopa tangu Nyanchera afungue kinywa.

"Fundi, hakuna njia hii mashine inaweza kupumzika Sabato na isikufe?"

Ningeweza kusema hakuna. Ingekuwa huruma kwa Nyanchera, angeamini hakuwa na njia nyingine, na ingeua kompresa ya pili. Nikasema ipo. Zima swichi Ijumaa kama kawaida. Jumamosi jua likishazama, pandisha swichi peke yake, usibonyeze kitufe cha kuanza. Acha mkanda upashe kompresa kwa muda wa saa kumi na mbili, gesi itoke yenyewe kwenye oili. Jumapili asubuhi, baada ya chai, anza kazi. Imeandikwa kwenye kitabu kikubwa cha mashine, ambacho kiko kabatini kwenye ofisi ya mradi. Ile karatasi fupi waliyopewa haina neno hilo.

"Ni hivyo tu?" Mzee aliuliza.

Nikasema ni hivyo tu. Sikumtazama Nyanchera, lakini nilimsikia akiketi, kwa mara ya kwanza tangu nifike, juu ya trei zilizopinduliwa.

Kwenye mstari wa sababu niliandika kwamba watumiaji hawakupewa maelekezo ya kuzima kwa muda mrefu, na hilo ni kweli tupu, na yeyote mwenye kitabu kile hawezi kulipinga. Mashine itabaki Kenyenya. Kompresa mpya itachukua wiki tatu. Mzee alitia sahihi, akavaa uzi wake shingoni, akawaambia akina mama wabebe zile ndizi wakawape ng'ombe.

Nyanchera alinibebea begi la vifaa mpaka kwenye pikipiki kwa sababu aliona ninavyotembea. Nilimwambia pole. Nikamwambia pia, kwa sababu mimi ni mtu wa kulisema jambo hata likiwa halina faida tena, kwamba angenipigia simu juma lile la kwanza ningemweleza mambo ya zile saa kumi na mbili kwa dakika mbili, na yote haya yasingekuwepo.

Alifunga begi kwa mpira wa nyuma, akavuta kuona kama umekaza.

"Nilikupigia," alisema. "Ijumaa ya kwanza, kama saa saba na robo. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena."

Nikamwambia saa hizo za Ijumaa niko msikitini, simu naiacha ndani ya kiatu mlangoni. Akasema hata yeye alifikiria hivyo. Alijua nikitoka nitaona namba yake na nitamrudishia, kwa hiyo alikaa na simu mkononi mpaka jua likaanza kuzama na mzee akaja kuzima.

Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nakuta simu tano, sita, za namba nisizozijua, na huwa najiambia mwenye shida ya kweli atapiga tena. Nilijaribu kuikumbuka hiyo Ijumaa, nilikuwa wapi, nilikuwa na haraka gani. Sikukumbuka kitu chochote.